Mapingamizi Matatu Dhidi ya Rahel

Nimekabidhi ofisi mwezi uliopita. Mtendaji aliyenipokea ni kijana aliyetoka chuo, ana kompyuta mpakato na haraka nyingi, na aliniomba nimwandikie mambo mawili matatu ambayo hayamo kwenye mwongozo. Nilimwambia mwongozo umeandikwa vizuri, ila wapiga kura hawajausoma. Akacheka, akidhani natania. Basi naandika, kwa ajili yake na kwa ninyi wengine mnaoanza kazi ya utendaji katika vijiji vya Mbulu na Hanang. Sitaandika nilipanda cheo lini. Nitaandika habari za uchaguzi, maana ndizo zilizonichosha kuliko ukame na kuliko wezi wa mifugo.

Nilianza kama mtendaji wa kijiji kule juu Mbulu, milimani, ambako ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi na mkutano ulioitishwa saa tatu huanza saa sita. Siku ya kwanza nilifika nimevaa tai. Mtendaji wa kata wakati huo alikuwa Mzee Akonaay, mtu mfupi, mkimya, mwenye koti moja la kiangazi na masika. Aliitazama tai yangu akaniuliza kama kuna harusi. Kisha akanipa daftari la wakazi, filimbi ya kutuliza mkutano, na penseli. Nilipouliza kwa nini si kalamu ya wino, alisema wino ni wa maamuzi, penseli ni ya maneno ya watu, kwa kuwa watu wakirudi nyumbani hubadilika.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha uchaguzi. Usisimame karibu na mgombea yeyote, alisema, hata kama anakuuliza choo kiko wapi. Hesabu karatasi za kura kabla ya kufungua kituo, si baada ya mtu kulalamika. Na watu wakikueleza kwa nini wanamtaka huyu na hawamtaki yule, sikiliza, itikia kwa kichwa, wala usibishane nao. Hilo la mwisho sikulielewa mpaka uchaguzi wangu wa kwanza.

Wagombea wa uenyekiti wa kijiji walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amewaongoza wenzake kuchimba mfereji ulioleta maji mpaka shuleni. Mwingine alikuwa mzee kuliko wote kijijini. Nilizunguka vitongoji nikihimiza watu wajiandikishe, na kila nilikopita niliambiwa kuwa yule wa mfereji ni mchapakazi sana lakini bado kijana. Kijana huyo alikuwa na miaka arobaini na sita na wajukuu wawili. Mzee akashinda kwa kishindo, na kwa miaka mitano niliandika mihtasari ya vikao vilivyoongozwa na mtu asiyesikia. Siku moja mama mmoja alisimama kulalamika kwamba jirani amelima mpaka wake hatua tano ndani. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampongeza kwa mavuno. Niliyaandika hayo kwenye muhtasari kama yalivyotokea, na Mzee Akonaay alipoyasoma alivua miwani, akaifuta, akasoma tena, akanirudishia daftari.

Baadaye nilihamishiwa Hanang, kwenye kata moja ya chini ya mlima, nikiwa sasa mtendaji wa kata. Kijiji nilichoishi sitakitaja. Ukitoka Endasak kwa pikipiki ukashuka kuelekea Getanuwas utaviona vingi vinavyofanana nacho: juu mashamba ya mahindi na maharage ya Wairaqw, chini maboma ya Wabarbaig na ng'ombe wao, na katikati njia ya mifugo kwenda majini. Njia hiyo ilikuwa ikipungua kila msimu. Mkulima anaongeza mstari mmoja wa mahindi, na mwakani mwingine. Mwishowe ng'ombe hawana pa kupita ila shambani, na hapo fimbo zinatoka. Mimi mwenyewe ni Mwiraqw wa Mbulu. Nalisema mapema ili msihangaike kuuliza, maana najua mtauliza.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji kile hakuwa wa mapambo. Ng'ombe wakiingia shambani, yeye ndiye wa kwanza kufika, na akichelewa au akiegemea upande mmoja mtu anaweza kupoteza jicho. Niliwakuta tayari wanaye mmoja aliyepoteza, mkulima wa kule juu, na hadi leo wanabishana ni fimbo ya nani.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika alikuja ofisini mwanamke mmoja kuchukua fomu ya uenyekiti. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, nikadhani amekuja kwa habari ya pampu, kwa sababu alikuwa katibu wa kamati ya maji na pampu ile haikuwahi kulala mbovu zaidi ya siku mbili tangu ashike kazi. Jina lake Rahel. Alizaliwa boma la Wabarbaig kule chini, akasoma, akabatizwa, akaolewa na Mwiraqw wa juu aliyeitwa Daniel. Daniel alifariki na kumwachia watoto wawili na shamba. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alizungumza Kidatoga cha kwao, Kiiraqw cha ukweni, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi wanaokitumia ofisini.

Nilimpa fomu, kisha nikafanya jambo ambalo halimo kwenye kazi yangu: nikamshauri. Nilimwambia ni vizuri ana moyo, lakini kuna nafasi za wanawake katika halmashauri ya kijiji, aanzie huko, watu wamzoee, umri nao usogee kidogo.

"Mtendaji," alisema, "siku ng'ombe wakiingia shambani, hizo nafasi za wanawake zinaamua nini?"

Alijaza fomu palepale mezani kwangu, kwa herufi kubwa, bila kufuta hata neno moja.

Chama chake kilimpitisha, na majina yakabandikwa ukutani. Ndani ya siku mbili nikapokea barua tatu za pingamizi. Mpaka wakati huo sikuwahi kupokea barua tatu kwa wiki moja katika kijiji kile, hata mwaka wa njaa. Ya kwanza ilitoka kwa wakulima wa juu. Ilisema Rahel ni Mbarbaig, na Mbarbaig akipewa kiti atatoa mashamba kwa ng'ombe wa kaka zake. Ya pili ilitoka kule chini, imeandikwa kwa mkono wa mtu aliyeombwa aandike. Ilisema Rahel si Mbarbaig tena, ameshaolewa na Wairaqw, atawafungia ng'ombe njia. Niliziweka barua hizo mbili mezani zikitazamana, nikatamani zibishane zenyewe nikapate chai. Ya tatu ilikuwa na sahihi za pande zote mbili, jambo la kwanza walilowahi kukubaliana tangu nifike. Ilisema mgombea ni mwanamke, tena mjane, tena mdogo, na kikao cha wazee hakiwezi kufunguliwa na mtu anayepaswa kuwaamkia wote waliomo.

Nilifungua kanuni. Nikatafuta ukurasa unaosema mgombea awe wa kabila fulani, au awe na mume, au asiwe na watu wa kuwaamkia. Haupo. Nikaandika chini ya kila barua, safari hii kwa wino, kwamba pingamizi halina msingi na mgombea aendelee. Walioleta barua walikuja ofisini kunieleza kwamba sikuelewa. Wa juu waliniambia wao hawana ubaguzi, wanachotaka ni mtu wa kuaminika tu. Wa chini waliniambia maneno hayohayo. Niliwauliza wote swali moja: pampu ikiharibika mnamwita nani? Wakasema Rahel, kwa sauti ya watu wanaoulizwa jambo lililo wazi, na hawakuona lina uhusiano gani na uchaguzi.

Walionichosha zaidi ni wanawake. Nilidhani hao watakuwa upande wake. Nilipita kwenye kikundi chao cha kusaga mahindi, nikasema kama mhamasishaji wa uandikishaji tu, bila kutaja jina, kwamba kila mtu apige kura anavyoona. Mama mmoja alinijibu kwamba wao wanampenda sana Rahel, ila usiku wa ugomvi mpakani nani ataenda naye? Nikamwuliza mwenyekiti wa sasa huenda na nani. Wakacheka, kwa sababu wote walijua mwenyekiti wa sasa hujifungia ndani.

Rahel akashindwa. Alishinda Petro, Mwiraqw wa miaka hamsini na kitu, wa ukoo mkubwa kuliko koo zote za pale, mpole, mcheshi, asiyewahi kumaliza jambo lolote alilolianza. Hata nyumba yake ilikuwa na ukuta wa nne wa mabati ya muda, na mabati hayo yalikuwa na kutu. Rahel alimpa mkono mbele ya watu, akarudi kwenye pampu yake.

Msimu uliofuata mvua zilichelewa na ng'ombe wakasukumwa majini kwa wingi. Asubuhi moja waliingia shamba la mzee mmoja wa juu, Mzee Tluway. Huyu ndiye aliyekuwa ameandika ile barua ya kwanza. Wanawe watatu walitoka na fimbo, vijana wa boma nao wakatoka na zao, na nilipofika kwa pikipiki tayari mwana mmoja wa mzee alikuwa amelala chini na damu puani, na upande wa chini walikuwa wanaongezeka kuja. Nilimtafuta Petro. Mkewe aliniambia amekwenda mjini Katesh kwa shughuli.

Nilipiga filimbi. Sikumbuki kama kuna aliyegeuka.

Aliyekuja ni Rahel, kwa miguu, kutoka kwenye pampu, mikono bado ina grisi. Hakuja upande wangu. Alipita katikati ya mahindi mpaka kwa vijana wa kwao, akaanza kusema nao Kidatoga, kwa sauti ya chini kabisa, akimtaja kila mmoja kwa jina la baba yake. Sikuelewa maneno. Niliona tu fimbo moja ikishuka, halafu nyingine. Akawaacha pale, akavuka, akasema na watoto wa Mzee Tluway kwa Kiiraqw, na hayo niliyaelewa. Aliwaambia ndugu yao anahitaji hospitali kuliko anavyohitaji kisasi, na kwamba yeye atakaa hapo shambani mpaka ng'ombe wa mwisho atoke. Akakaa kweli. Nilimbeba yule majeruhi kwa pikipiki, na niliporudi alasiri nilimkuta amewaketisha wazee wa pande mbili kwenye tuta, kila upande unamlaumu mwenzake kupitia yeye, na yeye anatafsiri kila tusi kwa adabu.

Kwa wiki tatu zilizofuata alitembea na wazee hao njia nzima ya mifugo, tangu maboma mpaka majini, na kamba ya katani yenye mafundo. Mkulima aliyekuwa ameingia njiani alirudishwa nyuma, na Mzee Tluway mwenyewe alikuwa ameingia mistari sita. Wafugaji nao walikubali siku zao za kupitisha mifugo na mtu wa kutangulia mbele ya kundi. Niliandika muhtasari, Petro akausaini kama mwenyekiti, na akapigiwa makofi mkutanoni kwa kuleta amani. Rahel alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Nilimtazama nikitegemea kuona uso umekunjwa, lakini alikuwa anapiga makofi kama wengine. Mimi ndiye niliyekunja.

Kwa miaka iliyobaki kijiji kilikuwa na wenyeviti wawili, mmoja wa kusaini na mmoja wa kuitwa. Uchaguzi mwingine ulipokaribia, Rahel akachukua fomu tena. Safari hii sikumshauri kitu. Mpinzani wake alikuwa Emanueli, mtoto wa kaka yake Mzee Tluway, kijana wa miaka ishirini na minane mwenye simu nzuri na viatu vyeupe. Nikajiambia safari hii angalau hoja ya umri imekufa. Sikujua nasema nini. Watu waliniambia wakati wa akina mama watu wazima umepita, sasa ni zamu ya vijana. Rahel hakuwa na hata miaka arobaini. Alikuwa mdogo mno, kisha mkubwa mno, na kati ya hayo mawili sikuona ni siku gani hasa alikuwa na umri unaofaa.

Nilimkuta Mzee Tluway amekaa nje ya duka, nikamwamkia, nikakaa. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu na uvumilivu ulikuwa umeniishia. Nikavunja mafundisho ya Mzee Akonaay, nikabishana na mpiga kura.

"Mzee, ng'ombe wakiingia shambani kwako kesho, utamwita nani?"

"Rahel," alisema.

"Na kura yako?"

"Kura ni ya mtoto wa kaka yangu." Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni desturi ya nyumba. "Rahel hata tusipomchagua, tukimwita atakuja. Emanueli tusipomchagua atakasirika."

Nimesikia sababu nyingi katika kazi hii, na hiyo ndiyo iliyonikera kuliko zote, kwa sababu ilikuwa ya kweli.

Siku ya kupiga kura nilikaa kituoni tangu asubuhi. Kanuni inamruhusu mpiga kura asiyejua kusoma kuja na mtu anayemwamini amsaidie kuweka alama. Kwa miaka yote niliona maana ya kanuni hiyo kijijini: mama anaingia na mwanawe au mumewe, na anayechagua ni msaidizi. Saa nne hivi akafika bibi mmoja wa boma la chini, mzee sana, amevaa sketi ya ngozi ya kwao na bangili za shaba, na mwanawe mtu mzima amemshika mkono. Mwana alianza kunieleza kwamba yeye ndiye msaidizi. Bibi akauchomoa mkono wake. Akasema neno fupi kwa Kidatoga, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakainama kuficha vicheko. Nikauliza amesema nini.

"Amesema mwanawe amemsaidia kuchagua mara ya mwisho," akajibu mama mmoja, "na aliyechaguliwa alikwenda Katesh."

Bibi alinyoosha kidole kwenye foleni, akamchagua msichana mmoja wa Kiiraqw aliyemaliza sekondari, mtu asiye ndugu yake kwa lolote. Nikafungua kanuni, nikaisoma kwa sauti ili mwana asikie: mtu anayemwamini. Haisemi ndugu. Wakaingia. Na baada yake, sijui kama ni kwa ajili yake, kina mama wengine watatu wakawaacha wasaidizi wao nje ya mlango wakaomba msichana yuleyule. Wanaume walisimama pale kama watu walioachwa na basi.

Tulihesabu kura mchana, mlango wazi, mawakala wa pande zote wamesimama. Nilihesabu mara mbili, kisha nikamwomba wakala wa Emanueli ahesabu ya tatu. Rahel alishinda kwa kura chache, lakini alishinda.

Mnadhani nilifurahi. Nilifurahi mpaka kesho yake. Asubuhi walikuja wazee wa juu kuniambia wamemchagua Rahel kwa kuwa ni mke wao, wa ukoo wa Daniel, na huwezi kumnyima mke wa ukoo. Jioni wakaja wa chini kunieleza kwamba damu ni damu, Rahel ni binti yao. Ilikuwa miaka mitano tangu barua zile mbili. Nilikuwa bado ninazo kabatini. Nilifikiri kuzitoa, nikaona hawatazitambua.

Mimi nimestaafu Rahel akiwa bado kitini. Siku ya mwisho nilikwenda ofisini kwake kukabidhi mafaili ya kijiji kile, na nilikuwa na jambo lingine la kukabidhi ambalo halimo kwenye orodha. Ninyi mnaosoma mtakuwa mmeniona hapa kama mtu aliyewachoka watu wengine. Ni kweli niliwachoka. Lakini mwaka ule wa kwanza, baada ya kuandika mara tatu kwa wino kwamba mapingamizi hayana msingi, niliingia kwenye kile kibanda cha kura nikampigia Petro. Nilijiambia Rahel atashindwa tu, kura yangu itapotea bure. Lakini ukweli ni kwamba Petro tulisali pamoja na tulitania kwa lugha ya nyumbani, na Rahel alikuwa na umri wa binti yangu wa kwanza, na sikuweza kujiona nimesimama nyuma yake siku ya fimbo. Kila nilichokikataa kwenye barua zile nilikuwa nacho mfukoni.

Nilimwambia hivyo, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wageni. Alikuwa anapanga mafaili.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje? Kura ni siri."

"Ulipotoka kibandani nilikuamkia, ukaitikia, ukaenda. Halafu ukarudi ukaniuliza watoto hawajambo." Alifunga faili. "Ulikuwa hujawahi kuniuliza habari za watoto."

Nikamwuliza kwa nini hakusema kwa miaka yote hiyo. Alisema angesema nini, na mimi nilikuwa mtendaji, na kazi ilikuwa nyingi. Kisha akaniomba radhi kwamba kuna watu wanamsubiri.

Walikuwa wanne kwenye benchi nje, wanaume tu, wawili wa juu na wawili wa chini, wote wakubwa kuliko yeye. Nikainuka nikawapisha. Aliyetangulia, mwenye mvi kunishinda, alikuwa ameshavua kofia kabla hajafika mlangoni.